Muzee wa Tonawanda

Ku matanga ya mama mukubwa, kule Louisville, nilisikia ile histoire ya muzee ikihadisiwa tena na tena, na kila mutu alikuwa na yake. Mama mmoja wa korali alisema muzungu alilia mpaka wakambeba. Mwingine akasema hapana, hakukuwa muzungu pale, ilikuwa sanamu, Mama Bahati, njo marehemu mwenyewe, aliosha sanamu miguu juu ya imani. Papa mmoja mwenye sijawahi kumuona maisha yangu yote, sahani ya fufu ku magoti, alisema yeye alikuwepo, aliona na macho yake. Mimi mwenye histoire nilikuwa nimekaa pembeni yake. Akaniuliza kama nilimjua marehemu. Nikamwambia kidogo. Akanipa pole, akanipa na kipande cha nyama. Bon. Nikala ile nyama, nikasema nitaandika mwenyewe, juu hata kama masomo yangu iliishia ku primaire, ile mwaka niliishi mimi, si yeye na fufu yake.

Mama mukubwa njo alinilea. Mambo ya famille naiacha, ni ndefu na inachosha hata siye wenyewe. Naanzia ku nyumba yake ya Louisville, ya chini kabisa, yenye dirisha inaangalia matairi ya magari. Nilikuwa kijana wa miaka makumi mbili na kitu, nabeba masanduku ku depo, na jioni narudi mgongo umekunjika kama kiti ya harusi. Ku salon kulikuwa kanapé mbili zenye plastiki bado juu yake. Ukikaa inalia, donc hakuna mutu aliweza kurudi nyumba kwa siri. Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, haikutoka mule hata siku moja. Ilikuwa mu mapazia, mu blanketi, mu Biblia. Mimi ku kazi walinijua kwa pua kabla hawajajua jina. Nikikumbuka Louisville leo, sikumbuki mji. Nakumbuka ile jikoni, na sauti za wamama siku ya posho, ile wengine wanaita jumamosi, wakipika chakula ya kesho ya ku église, ku kanisa, na mimi nimelala chumba ya pili, ukuta mwembamba kama biskuti, najifanya nasinzia ili wasinitume kununua chumvi.

Njo pale nilisikia kitu yenye haikuwa yangu kusikia. Kulikuwa mama mmoja mgeni, amefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi, akauliza mbona Mama Bahati anafua mashuka ya hoteli wakati wamama wengine wote wanatunza wazee, kazi yenye haina mvuke wala kelele. Mama mukubwa hakuacha kupika. Nilisikia kisu inakata kitunguu. Akasema: "Nilienda. Siku moja tu. Walinipa muzee wa kuosha. Nikafungua maji, ilikuwa ya moto, nzuri. Nikamshika mguu. Nikauacha pale, nikarudi nyumba na miguu, hata mkoba niliusahau." Yule mgeni akauliza muzee alimtukana ao nini. "Hapana. Alikuwa mupole." Kisu ikasimama. "Baba yangu hakuweza kutembea siku tulikimbia. Alisema muende, na nikaenda. Nilimuachia maji ku kidumu na mlango wazi. Hakuna mutu alimuosha. Kufa kwake nilisikia njiani, kwa watu." Hakuna mwenye alisema pole. Wote walikuwa na ya kwao. Baadaye mutu akauliza, "Na ile chumvi iko wapi?" na nikageukia ukuta haraka, nikaanza kukoroma.

Louisville nilitoka sababu ya mgongo. Nilienda kwanza Columbus, kwa yaya Bahati, kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama mukubwa, mwenye alikuwa anakaa Hilliard, pembeni ya mji, mu nyumba safi ya kuogopesha. Nililala chini, mu kave, na mashine ya kufua, na nikuambie ile mashine njo rafiki wa kweli, inakupa joto na haikuulizi umepata kazi. Watoto wa Bahati walinipenda, lakini ukiwaambia kitu mu Kiswahili wanakujibu mu Kingereza, wewe unaendelea Kiswahili, wao Kingereza, na mwisho mnakubaliana kula. Jioni Bahati alikuwa anarudi, anapika fufu yake mwenyewe, anakula amesimama, watoto wanaziba pua. "Angalia hawa," ananiambia, "nimezaa wageni." Baada ya wiki chache nikaona kanapé yao inaanza kunihesabu. Kijana mmoja wa kwetu akanipigia kutoka Buffalo: kule nyumba haiko bei, kule Tonawanda kuna usine, kiwanda ya vifuniko vya ndoo, wanachukua mutu hata kama anajua tu kusema yes. Nikasema hiyo neno ninayo.

Donc Buffalo. Chumba yangu ilikuwa juu, chini ya paa, ukisimama katikati uko mutu, ukienda pembeni uko mbuzi. Tulikuwa vijana watatu na sufuria moja. Theluji ilikuwa inaingia ku dirisha bila kugonga. Usine ilinitumikisha kidogo, kisha vifuniko vikakosa ndoo ao ndoo zikakosa vifuniko, sikuelewa vizuri, na siye wapya tukarudishwa. Nilikaa siku nyingi nasikiliza njaa ya wenzangu. Alafu mutu mmoja wa ku église, mwenye alikuwa anasafisha maofisi, akanipeleka fasi moja kupita Tonawanda, pale viwanda vinaisha na majani yanaanza. Ilikuwa nyumba ndefu ya mbao, na nyuma yake miti. Akaniambia, hii njo musée, nyumba ya vitu vya zamani, wanatafuta mutu wa usafi. Nikapata ile kazi hata mbele ya kukausha viatu.

Ilikuwa musée ya wakata miti. Watu wa zamani wenye walikuja na shoka, na farasi, na njaa, wakakuta msitu yenye jua haifiki chini, na wakaimaliza. Kulikuwa misumeno ya watu wawili, mirefu kuliko kitanda yangu. Kulikuwa kipande cha mti cha duara, kipana kama meza ya harusi, na bendera ndogo ndogo mu zile mistari za miaka: hapa mti ilizaliwa, hapa wazungu walifika, hapa ilianguka. Chumba nilipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kula. Meza ndefu, sanamu za wanaume na mashati mazito na mustashi kubwa juu ya midomo, sahani za chuma mbele yao, maharagi ya plastiki, na ku ukuta wameandika sheria ya kambi: hakuna kuongea wakati wa kula. Mpishi alikuwa hataki mutu achelewe mezani. Mimi mwenye nimekulia fasi yenye kila mutu anaongea na mudomo mujaa, niliwahurumia. Niliwapa majina ya wapapa wa ku église yetu. Kila asubuhi napangusa mustashi ya Pasteri, napangusa mustashi ya mutunza feza, nawauliza habari, wanaheshimu sheria.

Mutu wa kweli mule alikuwa Gus. Muzungu wa miaka mingi, masikio makubwa, bretelle nyekundu za kushika suruali ku mabega, bibi yake amekufa, mtoto wake wa kike anakaa mbali na anamusumbua ku simu aingie nyumba ya wazee. Alikuwa anatumika bure. Kazi yake ilikuwa kuonyesha watoto wa masomo namna ya kukata mti na ule msumeno wa watu wawili, na juu mwenzake wa upande ule alikuwa amekufa, akanishika mimi. Siku ya kwanza nilisukuma. Msumeno ukajikunja, ukalia kama mbuzi. "Hapana," akasema. "Unavuta tu. Usinisukumie. Mimi njo nitaurudisha." Ilinichukua muda, juu mutu mwenye amebeba masanduku anajua kusukuma. Lakini siku nilielewa, ule msumeno ulianza kuimba, na Gus hakunisifu, aliongeza tu mwendo. Kitu moja: hakutaka mutu amshike. Ku ngazi nilijaribu kumpa mkono, akanipiga vidole na kofia. "Bado nashuka mwenyewe." Bon, shuka.

Sasa njo tufike ku simu. Jioni moja nikampigia mama mukubwa, kumpa habari njema. Na hapa wenye mumesoma sana munivumilie. Kwa siye Wakongomani mutu wa umri tunamuita muzee. Na ile nyumba ya vitu vya zamani tunaiita na Kifaransa, musée. Mu kitabu haifanani. Mu mudomo yetu, na réseau mbaya, na blenda inasaga sombe nyuma, ni neno moja.

"Mama, nimepata kazi. Ku musée."

"Mungu ni mwema. Muzee gani?"

"Ya miti. Iko kupita Tonawanda."

"Iko na miaka mingapi?"

"Aa, mingi. Ni ya zamani sana."

"Na iko peke yake?"

"Peke yake kabisa. Hakuna jirani, ni miti tu."

"Maskini. Haina watoto?"

"Watoto wanakuyaga. Kila wiki, na basi."

"Na basi?" Akazima blenda. "Watoto wangapi?"

"Basi nzima, mama. Wanagusa kila kitu, wanapiga kelele, wanaenda."

"Na hakuna mwenye anabaki?"

"Nani atabaki? Nabakia mimi. Nafungua asubuhi, nasafisha, jioni nafunga mlango."

"Unasafisha yote? Na choo?"

"Na choo. Na mvua ikinyesha inavujaga, naweka beseni."

Nilifikiri réseau imekatika. Alafu nikasikia analia, lakini ule wa polepole, wenye hauna kelele. "Usiichekelee, mwanangu," akasema. "Kuvuja ni uzee tu. Siye wote tutafika pale."

Nikafikiri, mama anapenda nyumba za zamani, sikujua.

Mburundi mmoja wa kule Buffalo, mwenye alisomea Tanzania na anaongeaga kama redio, alinieleza baadaye kwamba makosa yote ilitoka ku ngeli. "Nyie hamheshimu ngeli," akasema. "Mtu ni a, nyumba ni i. Ungekuwa unasema 'yuko' kwa mtu na 'iko' kwa nyumba, mama angeshtuka dakika ya kwanza." Ni kweli. Kwetu mutu iko, mbuzi iko, nyumba iko, Mungu mwenyewe iko, na tunaelewana. Sarufi ingetuokoa, lakini ingetunyima ile mwaka, na mimi sikubali kubadilisha.

Juu kuanzia pale mama mukubwa akawa ananipigia kila jumapili kunishukuru, na mimi sikujua kwa nini. Kwanza nilifikiri ni juu nimeacha kuzurura. Ilifika kifurushi: blanketi mzito, wa rangi ya chai, na ndani yake mafuta ya kupaka ku viungo. Nikasema mama amenihurumia mgongo. Nikajifunika, nikapaka. Akapiga: "Blanketi ilifika? Inasaidia?" Nikamwambia sana, usiku hakuna tena kutetemeka. Akasema asante Yesu, na nikasikia wamama nyuma yake wanasema asante Yesu, nikashangaa kidogo namna gani korali nzima inajua usingizi wangu. Mwezi wa kumi na mbili nikamwambia wanafunga musée mpaka baridi ipite. "Wanafunga muzee? Kwa kosa gani?" "Hakuna kosa, mama, ni juu ya feza ya chauffage, ya kupasha nyumba moto, wanafanyaga vile kila mwaka." Kumbe kule Louisville walifunga na wao, chakula, siku tatu, wanaombea muzee wa kizungu mwenye watoto wake wanamfungia mu baridi. Mwezi wa nne nikapiga: wamefungua musée. Bahati aliniambia baadaye kwamba mama alisimama ku ushuhuda, akacheza mbele ya kanisa, na pasteri akahubiri juu ya minyororo.

Nikifikiria leo, sioni kama alikuwa mjinga. Kila kitu nilimwambia ilikuwa kweli. Na kila kitu aliniuliza ilikuwa swali la mutu mwenye amemuacha mwingine peke yake, mlango wazi: inakula, inalala, iko na mutu? Nilikuwa namjibu juu ya paa na madirisha, na yeye alikuwa anahema kidogo kidogo, kila jumapili.

Ku mwanzo wa mwezi wa sita akasema atakuja na Bahati kunisalimia. Nilifurahi. Nilikuwa mu chumba ya kula, brashi ku mkono, natoa vumbi mu mustashi ya mutunza feza, wakati simu ikalia. Bahati, kutoka Hilliard. Mama amefika kwake asubuhi kutoka Louisville, kesho wanaingia Buffalo.

"Mudogo, mama anauliza, muzee anavaaga soksi ya namba gani?"

"Muzee gani?"

"Wako. Wa kazi."

"Yaya, kazi yangu haina muzee."

"Ule muzungu mwenye anakaa peke yake mu pori. Mwenye anavuja."

Nikaangalia juu, ku paa. Nikaona ile alama ya maji, ya duara, kama jicho. "Yaya," nikasema, "paa njo inavuja. Natumika ku musée. Ile ya vitu vya zamani. Musée."

Bahati alicheka mpaka simu ikaanguka. Nilisikia watoto wanamuuliza mu Kingereza baba una nini. Na mimi nilicheka, peke yangu na zile sanamu. Alafu akarudi ku simu na hakuwa anacheka tena. Alisema polepole, ili mutu wa jikoni asisikie: "Ameleta beseni mupya. Na taulo. Na sabuni yenye haina harufu, juu ngozi ya wazee haitaki harufu. Anasema ataosha muzee miguu. Tangu asubuhi anarudia tu, safari hii sitakimbia, safari hii sitakimbia."

Nikakaa ku benchi, katikati ya Pasteri na mutunza feza.

"Nani atamwambia?" nikauliza.

"Weye."

"Weye njo mtoto wake wa tumbo."

"Weye njo mwenye muzee."

Hakuna mwenye alimwambia. Na mimi, badala ya kutafuta maneno, nikatafuta muzee. Gus alikuwa nje, anapaka msumeno mafuta.

"Gus, kesho unaweza kuwa muzee?"

"Leo niko nini?"

"Muzee wangu. Mama yangu anakuja. Anafikiri mimi nakutunza. Unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Kila kitu, kidogo."

Akafuta vidole, akafikiri. "Kuna chakula?"

"Mingi."

"Niumwe kuanzia saa ngapi?"

Ya beseni sikumwambia. Nilisema moja moja.

Asubuhi nilimpangia kiti chini ya miti, nyuma, mu kile kipande cha msitu chenye hakikukatwa. Njo kitu ya mwisho ya musée, miti ya asili yenyewe, mikubwa, baridi yake ni tofauti. Nikamuwekea ile blanketi ku magoti. Alikaa vizuri, hata alikohoa mara mbili bila kuambiwa. Lakini ikafika basi ya watoto yenye chef, mukubwa wa musée, hakutuambia, na nilienda kufungua mlango, na niliporudi kiti kilikuwa na blanketi peke yake. Gus alikuwa mbele ya nyumba, bretelle nje, jasho, ameshika mwalimu mmoja upande wa pili wa msumeno, anapiga kelele, "Vuta, usisukume," na unga wa mbao unaruka. Pale pale gari ya Bahati ikaingia.

Mama mukubwa alishuka amevaa kitenge cha sikukuu, cha bluu, na kitambaa ku kichwa, beseni ku kiuno. Bahati nyuma yake na masufuria, anaangalia viatu vyake. Mama alinikumbatia, akanishika uso, akasema nimekonda, kisha akaangalia juu ya bega yangu.

"Muzee iko wapi?"

"Njo ule."

"Ule mwenye anapasua mti?"

"Leo ameamka vizuri."

"Mwaka nzima anatetemeka, anavuja. Leo anapasua mti."

"Njo maombi, mama," Bahati akasema.

Akamuangalia Bahati. Akaangalia wale watoto wa basi, weusi, weupe, Wachina, wote na fulana ya manjano. "Na hawa njo wajukuu. Huyu muzee alioa dunia nzima." Hakuwa anacheka. Mama mukubwa alikuwa mutu wa kuelewa kitu mbele ya kuambiwa, alikuwa tu anatupa nafasi ya kusema. Nikasema. Musée, mama, si muzee. Nyumba ya kuonyesha vitu vya zamani. Gus ni mutu wa kazi kama mimi. Inavuja, lakini ni paa.

Aliweka beseni juu ya gogo.

"Donc mwaka nzima nilikuwa naombea nyumba."

"Ndiyo, mama."

"Na blanketi?"

"Nilijifunika miye."

"Na mafuta?"

"Nilipaka."

"Ilikusaidia?"

"Sana."

Akatingisha kichwa kama mutu mwenye anasikia bei na hataki kuuliza tena. Akasema basi nimuonyeshe. Nikamuzungusha mule ndani kama mgeni wa heshima. Aliangalia sanamu ku meza, nikamwambia ile sheria ya kutoongea, akasema, "Njo sababu wamekauka." Bahati alicheka, yeye hapana. Mbele ya picha moja alisimama muda. Ilikuwa ya kilima chenye wamekata yote, visiki tu, mpaka mbali. Akauliza: "Wenye kukata nimewaona. Wenye msitu walienda wapi?" Nikamuonyesha picha za wale wenyeji pembeni ya mlango, nikamwambia wengine waliondolewa, wengine bado wako karibu hapa. Aliwaangalia mmoja mmoja, pole pole, namna tunaangaliaga picha za watu wa kambi ya wakimbizi kutafuta sura yenye tunajua. Tulipotoka nje alifunika sufuria vizuri, akamwambia Bahati: "Rudisha beseni mu gari. Twende."

"Mama, hatuli?"

"Mtakula nyumba. Hapa hakuna mutu nilikuja kuona."

Gus alikuwa amemaliza na watoto, amekuja kukaa ku kiti chake chini ya miti, anavuta blanketi ku magoti haraka haraka. Akanifanyia ishara: naumwa ao siumwi? Nikaenda pale. Kingereza yangu ya ile wakati ilikuwa ya kusema vitu vidogo, na hii ilikuwa kubwa, donc nilisema bila mapambo. Nikamwambia mama amejua, usiumwe tena. Nikamwambia ile beseni ilikuwa ya nini. Baba yake hakuweza kutembea, kulikuwa vita, alimwambia aende, akaenda. Hakumuosha. Alifikiri wewe uko muzee mwenye hana mutu, alitaka akuoshe miguu. Wewe si yeye. Pole kwa chakula.

Gus alimuangalia mama mukubwa, kule ku gari, amesimama anangoja Bahati afungue mlango. Aliangalia muda mrefu kwa mutu mwenye hapendi kuangalia watu. Kisha akatoa blanketi ku magoti, akaikunja, akaiweka chini. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Ilikuwa viatu vya kazi, vya mpaka juu, kamba imefungwa na kufungwa tena, na tumbo lake lilikuwa linamzuia. Nilipiga goti nimsaidie. Akanipiga mkono. Alifungua mwenyewe, kimoja, cha pili, anapumua na pua. Akavua soksi, akazikunja, akaziweka ndani ya kiatu. Miguu yake ilikuwa myeupe kama maziwa, na ukucha moja mweusi. Akaiweka ku majani, akakaa wima, mikono ku magoti, anaangalia mbele.

Mama mukubwa alikuwa ameona. Alikuja mpaka katikati ya njia.

"Anafanya nini?"

"Anavua viatu, mama."

"Niko na macho. Nauliza anafanya nini."

"Nafikiri anakungoja."

Hakusogea. Bahati alikuwa ameshika beseni, hajui aipeleke wapi. Niliona mama mukubwa anageuka kidogo upande wa gari, na nikajua ile mugeuko, njo ile ya mutu mwenye atasahau hata mkoba. Alisimama vile, upande moja ku gari, upande moja ku miti. Kisha akamnyang'anya Bahati beseni. "Maji ya moto iko hapa?" Nikasema iko, ku chumba ya wafanyakazi. "Basi unangoja nini?"

Nilileta maji mu birika, akaipima na kiwiko kama ya mutoto. Akakunja kitenge cha sikukuu, akapiga magoti mu majani. Alishika ule mguu, na hakuuacha. Ku matanga walisema muzungu alilia. Hakuna mwenye alilia. Gus alisema tu maji ni nzuri, mu Kingereza. Mama mukubwa akamjibu mu kikwetu, kile cha wazazi, chenye mimi nasikia nusu, akamuita baba, akamuuliza kitu. Gus akaanza kumueleza ule ukucha, gogo gani lilianguka, mwaka gani. Alipomaliza, mama akamhadisia yake, na Gus alimsikiliza mpaka mwisho, anakubali na kichwa pale pa kukubali. Bahati aliangalia miti juu, muda mrefu sana, kama mutu mwenye alilipa kuiona.

Aliosha kati ya kila kidole. Aliukausha ule mguu, akauweka ku goti lake juu ya taulo, akaushika pale. Alafu akaniambia, bila kuinua kichwa:

"Maji imepoa. Lete ingine."

"Mingi, mama?"

"Lete tu. Bado niko na mguu moja."